Ramones ni akina nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bendi iliyo kwenye fulana yako

Nimenunua fulana nyeusi yenye tai na neno RAMONES. Ni kampuni ya nguo?

Hapana, ni bendi. Swali hili naulizwa kuliko mengine yote, na silishangai, kwa sababu hata mimi nilianzia hapo. Fulana yangu niliipata kwenye soko la mitumba la Karume, Ilala, asubuhi robota likiwa ndiyo kwanza limekatwa kamba na kila mtu anavuta lake. Weusi ulikuwa umefuliwa hadi ukageuka kijivu, shingo imelegea, na chapa nyeupe ya tai imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Kumzunguka tai kulikuwa na majina manne: JOHNNY, JOEY, DEE DEE, TOMMY. Herufi ya mwisho ya Tommy ilikuwa imefutika.

Niliivaa miaka miwili kabla sijasikia wimbo wao hata mmoja. Siku nilipousikia nilikaa nao hadi usiku wa manane, na tangu hapo sipendi kumwona mtu anatembea na majina ya watu kifuani bila kujua walikuwa nani. Ramones walitoka New York, walianza 1974 na wakaacha 1996. Wakatoa albamu 14 za studio na wakapiga shoo 2,263.

Walikuwa ndugu wa damu?

Hapana. Hakuna hata wawili waliozaliwa tumbo moja. Walijipa jina moja la ukoo, na kila aliyeingia baadaye alipewa jina hilo pamoja na kazi. Kwa miaka 22 watu wanane walilibeba, mmoja wao kwa shoo mbili tu.

Wa kwanza kulichukua alikuwa Dee Dee. Alijua kwamba Paul McCartney, enzi Beatles bado ni vijana wasiojulikana, aliwahi kujiita Paul Ramon. Akalipenda, akajiita Ramone, wenzake wakafuata.

Wale wanne wa kwanza walikuwa watu gani?

Vijana wa Forest Hills, mtaa wa Queens, New York. Joey aliitwa Jeffrey Hyman: mrefu kama mnazi, mwembamba, miwani ya rangi, nywele zimefunika nusu ya uso. Johnny alikuwa John Cummings, aliyekuwa akifanya kazi za ujenzi kabla ya kushika gitaa kwa nguvu zote. Dee Dee alikuwa Douglas Colvin, mtoto wa askari wa jeshi la Marekani, na sehemu kubwa ya utoto wake aliishi Ujerumani. Tommy alizaliwa Budapest mwaka 1949 kwa jina la Tamás Erdélyi, wazazi wake wakiwa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Familia ilihamia Marekani yeye akiwa bado mtoto. Kabla ya bendi alikuwa msaidizi wa mafundi sauti kwenye studio ya Record Plant.

Miongoni mwao Tommy ndiye aliyekuwa na picha kamili kichwani. Nalisisitiza hili kwa sababu wapenzi wengi humkumbuka mwishoni.

Ni kweli Joey alianza kama mpiga dramu?

Kweli kabisa. Shoo ya kwanza ilikuwa tarehe 30 Machi 1974 na walikuwa watatu: Dee Dee anapiga besi na kuimba, Johnny gitaa, Joey dramu. Mpangilio haukufaa. Dee Dee hakuweza kuimba na kupiga kwa wakati mmoja bila kupotea, na sauti ilimkauka mapema. Joey naye aliachwa nyuma, maana nyimbo zilizidi kwenda kasi kila wiki.

Tommy wakati huo alikuwa meneja. Akaona kwamba mwimbaji wa bendi amekaa nyuma ya dramu, akamtoa akamsimamisha mbele. Sasa ikabidi atafutwe mpiga dramu. Walikuja wengi kujaribiwa, na kila mmoja alipiga kwa mbwembwe, kama ilivyokuwa mtindo wa roki ya miaka ile: kugeuzageuza mpigo, kuzunguka sahani zote. Kila mara Tommy alilazimika kukaa yeye mwenyewe kuwaonyesha anachotaka, mpigo mnyoofu usio na madoido. Baada ya kuonyesha mara nyingi, wenzake wakamwambia abaki hapohapo. Hakuwa mpiga dramu kabla ya siku hizo. Ile namna anavyopiga katika albamu tatu za kwanza, kama saa ya ukutani iliyokasirika, ni mtu anayetimiza wazo lake mwenyewe kwa mikono ambayo haikuwahi kufundishwa njia nyingine.

Muziki wa panki ni upi hasa? Ni ule mtindo wa nywele?

Wengi wetu neno panki tumelijua kwa kinyozi, lakini Ramones hawakunyoa panki hata siku moja. Nywele zao zilikuwa ndefu, zimekatwa mbele juu ya macho. Mavazi yalikuwa yaleyale kwa miaka yote: jaketi jeusi la ngozi, fulana, jinzi iliyochanika magotini, raba.

Kwenye muziki, panki yao ilikuwa kukataa urefu. Roki ya wakati ule ilijaa solo za gitaa za dakika kumi na wapigaji waliotaka kuonyesha elimu yao. Hawa walileta nyimbo za dakika mbili, solo hakuna, na kati ya wimbo na wimbo hakuna hotuba; Dee Dee anapaza sauti kuhesabu moja hadi nne, wanaondoka.

Siri iko kwenye mkono wa kulia wa Johnny. Wapiga gitaa wengi hupeleka mkono chini na juu, na ule wa juu huupa mkono nafuu. Johnny alipiga chini, chini, chini, wimbo mzima, kisha unaofuata, kwa saa nzima jukwaani. Jaribu kwa dakika mbili tu kwa kidole juu ya meza, kwa kasi ya wimbo wao wowote, utahisi moto karibu na kiwiko. Yule mtu aliifanya kazi hiyo kwa shoo 2,263. Mwenyewe aliiona kama kazi ya mikono, na alichukia uvivu kupita kiasi.

CBGB ni nini? Naona imeandikwa kwenye fulana nyingine.

Baa ndogo iliyokuwa mtaa wa Bowery namba 315, Manhattan, mali ya Hilly Kristal. Ramones walipanda pale mara ya kwanza Agosti 1974. Walikuwa wanaacha katikati ya wimbo na kugombana mbele ya watu, kisha wanaanza upya. Bendi za Blondie, Television na Talking Heads nazo zilitokea pale. Ilifungwa 2006.

Albamu ya kwanza ina nini cha ajabu?

Ilirekodiwa Februari 1976 kwenye studio ya Plaza Sound, ndani ya jengo la Radio City Music Hall, kwa muda wa kama wiki moja na kwa dola 6,400. Nyakati zile bendi kubwa zilikaa studio miezi. Ilitoka tarehe 23 Aprili chini ya kampuni ya muziki ya Sire: nyimbo 14, dakika 29 hivi. Haikupanda zaidi ya nafasi ya 111 kwenye chati ya albamu Marekani.

Ukitaka kuielewa, ivalie spika za masikioni. Gitaa limewekwa upande wa kulia, besi upande wa kushoto, na katikati yao sauti ya Joey na dramu. Toa ya kulia: Johnny anapotea, unabaki na Dee Dee anavyosukuma besi. Rudisha ya kulia, toa ya kushoto: sasa ni gitaa linalovuma kama mashine ya kukoboa. Anayejifunza gitaa la besi nyumbani bila mwalimu hahitaji zaidi ya hapo. Albamu nzima ni darasa.

Tarehe 4 Julai mwaka huohuo walipiga ukumbi wa Roundhouse, London, na vijana waliokuwa wanaanzisha bendi zao Uingereza walikuja kuwaona. Kwao nyumbani walikuwa bado wanapiga kwenye vilabu vidogo.

Kwa nini Tommy aliondoka?

Alichoka na safari. Ziara zao zilikuwa za gari dogo, bendi nzima pamoja, mwaka baada ya mwaka. Yeye alipenda studio. Mwaka 1978 alikabidhi vijiti, lakini hakuondoka kwa ugomvi: alibaki kusimamia utengenezaji wa albamu ya nne, *Road to Ruin*, na akarudi tena kama prodyuza wa *Too Tough to Die* mwaka 1984. Kwangu mimi hizo ni mbili kati ya kazi zao bora, na si kwa bahati.

Aliyechukua nafasi yake ni nani?

Marc Bell, aliyekuwa akipiga na bendi ya Richard Hell and the Voidoids. Akawa Marky Ramone. Huyu alikuwa mpiga dramu wa fani, mwenye mikono mizito kuliko Tommy, na ndiye aliyedumu zaidi kwenye kiti hicho: albamu nane, kwa vipindi viwili.

Vipindi viwili kwa sababu ya pombe. Mwaka 1983, wakati wa albamu ya *Subterranean Jungle*, alitolewa. Angalia kava ya albamu hiyo: bendi iko kwenye behewa la treni ya chini ya ardhi, watatu wako mlangoni, na Marky amewekwa peke yake anachungulia dirishani. Johnny ndiye aliyetaka akae hapo, akijua tayari kwamba wanamwondoa. Baadaye Marky aliacha pombe, na mwaka 1987 akarudi, akabaki hadi siku ya mwisho.

Richie aliondoka kwa sababu ya fulana? Nieleze vizuri.

Hapa ndipo hadithi ya bendi na fulana uliyovaa zinapokutana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Richie, jina lake Richard Reinhardt, aliingia 1983 bendi ikiwa katika hali mbaya. Agosti mwaka huo Johnny alipigwa katika ugomvi mtaani New York, akapasuka fuvu na kufanyiwa upasuaji wa kichwa. Aliporudi walitengeneza *Too Tough to Die*, na jina la albamu hiyo, yaani "mgumu kufa", lilikuwa linamhusu Johnny. Richie alileta kasi mpya na nguvu ya ujana. Tena alikuwa mtunzi: wimbo "Somebody Put Something in My Drink" ni wake, na wakaendelea kuupiga hata baada ya yeye kuondoka.

Ramones hawakuwa na pesa ya nyimbo za redioni. Walichokuwa nacho ni meza ya fulana mlangoni. Mtu wa meza hiyo alikuwa Arturo Vega, msanii mzaliwa wa Mexico, rafiki wa bendi tangu siku za kwanza. Ndiye aliyemchora tai, kwa kuichukua nembo ya Rais wa Marekani na kuigeuza: badala ya tawi la mzeituni, tai akashika tawi la mtofaa, na badala ya mishale akashika gongo la besiboli, mchezo alioupenda Johnny. Pembeni ya duara, ambapo serikali huandika cheo, yeye akaandika majina ya vijana wanne wa Queens. Fulana hiyo ndiyo iliyojaza gari mafuta.

Richie alikuwa analipwa kama mwajiriwa. Jina lake lilikuwa kwenye duara, watu wananunua, na yeye hapati fungu katika mauzo ya fulana. Akaomba. Akakataliwa. Agosti 1987 akaondoka ghafla. Kwa mtazamo wangu alikuwa na haki. Johnny alibana matumizi kwa sababu aliogopa kuzeeka bila akiba, na hilo nalo naliheshimu, lakini mtu aliyeandikwa jina kwenye bidhaa anastahili sehemu ya bidhaa.

Elvis Ramone alikuwa nani?

Clem Burke wa Blondie, mpiga dramu hodari. Aliitwa haraka kuziba pengo la Richie, akapiga shoo mbili, Agosti 1987. Mtindo wake haukuoana na wao. Baada ya hapo akarudishwa Marky.

Dee Dee je? Si yeye ndiye aliyetunga nyimbo nyingi?

Ndiye, na kuondoka kwake mwaka 1989 kuliuma kuliko kwingine kote. Dee Dee alipigana na heroini tangu ujana. Mwishoni mwa miaka ya 80 alichoka na jaketi la ngozi na nidhamu ya Johnny, akarekodi albamu ya rap kwa jina la Dee Dee King. Watu waliicheka. Mimi naona alikuwa mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Lakini hata baada ya kutoka aliendelea kuwapelekea nyimbo. "Poison Heart", iliyomo kwenye *Mondo Bizarro* ya 1992, ni mkono wake. Isikilize halafu useme kama huyo ni mtu aliyeacha bendi.

C.J. alikuwa "Ramone wa kweli"?

Swali hili linanikera kidogo, ila nalijibu kwa sababu haliishi. Christopher Joseph Ward, aliyechukua besi ya Dee Dee mwaka 1989, alikuwa shabiki wa bendi hii tangu utotoni na alikuwa amepitia kikosi cha Marines cha jeshi la Marekani. Alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1965. Johnny alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1948. Miaka 17 kamili kati yao. Alipopanda jukwaani mara za kwanza kuna mashabiki waliomtemea mate na kumrushia vitu kwa kosa la kutokuwa Dee Dee. Akasimama, akapanua miguu, akahesabu moja hadi nne. Alikaa miaka saba, aliimba nyimbo kadhaa yeye mwenyewe, na aliipa bendi pumzi iliyoifikisha 1996. Kama huyo si wa kweli, sijui kipimo ni kipi.

Ni kweli Joey na Johnny hawakuwa wanaongea?

Kweli, kwa miaka mingi. Kulikuwa na sababu mbili, na zote zilikuwa nzito.

Ya kwanza ni mapenzi. Mpenzi wa Joey alimwacha akaenda kwa Johnny, na hao wawili wakaoana. Hebu fikiria unapanda gari lilelile na mtu huyo kila siku, anakaa viti viwili mbele yako, na usiku unasimama naye jukwaani umbali wa hatua tatu. Walifanya hivyo zaidi ya miaka kumi. Meneja wao wa ziara, Monte Melnick, ndiye aliyepeleka maneno kati yao.

Ya pili ni siasa. Johnny alikuwa mtu wa Republican bila kuficha, Joey upande wa pili. Mei 1985 Rais Ronald Reagan alitembelea makaburi ya kijeshi ya Bitburg, Ujerumani, ambako wamezikwa pia askari wa SS, kikosi cha Wanazi. Joey, Myahudi, alikasirika, na wimbo "Bonzo Goes to Bitburg" ukazaliwa (Bonzo ni sokwe wa filamu moja aliyoigiza Reagan kabla ya siasa). Johnny hakutaka rais wake atukanwe, akashikilia hadi wimbo ukabadilishwa jina ulipoingia kwenye albamu ya *Animal Boy*: ukaitwa "My Brain Is Hanging Upside Down". Lakini jukwaani aliupiga.

Joey alikufa bila wawili hao kupatana.

Kwa nini hawakuwahi kuwa na wimbo mkubwa Marekani?

Redio hazikuwataka. Walijaribu: walimpa Phil Spector, prodyuza maarufu, albamu ya *End of the Century*; ikatoka 1980, ikafika nafasi ya 44, na ndiyo ya juu kuliko zote walizotoa kwao. Waliopenda kwa moyo wote walikuwa mbali. Machi 1996 walipiga kwenye uwanja wa River Plate, Buenos Aires, uwanja wa mpira uliojaa, wakati nyumbani walipiga kwenye kumbi za kawaida tu.

Shoo ya mwisho ilikuwaje?

Tarehe 6 Agosti 1996, ukumbi wa The Palace, Hollywood. Dee Dee alikuja kama mgeni, akaimba wimbo mmoja na kusahau maneno. Lemmy wa Motörhead alipanda, Eddie Vedder wa Pearl Jam naye.

Wale wanne wako wapi sasa?

Wamefariki wote. Joey, tarehe 15 Aprili 2001, saratani ya tezi za limfu, akiwa na miaka 49. Dee Dee, tarehe 5 Juni 2002, heroini, chini ya miezi mitatu baada ya bendi kuingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa roki. Johnny, tarehe 15 Septemba 2004, saratani ya tezi dume. Tommy, tarehe 11 Julai 2014, saratani ya njia ya nyongo.

Tarehe 30 Aprili 2014 albamu ya kwanza, ile ya dola 6,400, ilitunukiwa cheti cha dhahabu Marekani, kwa nakala laki tano. Ilichukua miaka 38. Kati ya wanne waliosimama ukutani kwenye kava yake, Tommy peke yake ndiye aliyekuwa hai kuisikia habari hiyo, na ilibaki miezi miwili na siku chache.

Nianze na albamu ipi?

*Rocket to Russia*, ya Novemba 1977. Kisha ya kwanza. Kisha *Too Tough to Die*.

Fulana yangu haina Tommy, ina MARKY. Ni feki?

Si lazima. Majina kwenye duara yalibadilika bendi ilipobadilika: TOMMY ni kikosi cha 1974 hadi 1978, MARKY pamoja na DEE DEE ni cha 1978 hadi 1983 au 1987 hadi 1989, na ukiona C.J. basi ni cha miaka ya mwisho. Ila usitumie majina kujua umri wa kitambaa, kwa sababu toleo la TOMMY bado linachapishwa hadi leo na linauzwa dukani likiwa jipya. Angalia lebo ya shingoni na mshono.

Yenye RICHIE sijawahi kuikuta mtumbani, na huwa naangalia kila robota likifunguliwa.